Ofisi iliyonifanyia fomu za kumleta mume na binti Marekani: nyota mbili, na sababu zangu

Sitataja jina la ofisi. Mji wetu hapa Massachusetts si mkubwa, Wakenya tunajuana, na mwenye ofisi nakutana naye kwenye harambee na matanga, sitaki vita na mtu. Lakini kila mara kuna mtu ananipigia kuniuliza "dada, wewe familia yako uliwaleta na nani, nipe namba", na kila nikijibu najikuta nimeongea saa nzima, basi naandika hapa niwe natuma tu. Kwa kifupi, kama unataka mtu wa kukujazia fomu vizuri, kwa Kiswahili, Jumamosi ukitoka shifti ya usiku macho mekundu, hawa jamaa wako sawa. Kama unataka mtu wa kukwambia ni fomu gani zijazwe, za nani na kwa nini, hapo ndio pana maneno.

Nianze na mazuri maana yapo. Bei walinitajia mapema, dola 1,500 mbali na ada za serikali, na unalipa kidogo kidogo. Dada wa mapokezi ni mtu wa watu, ukiingia unapewa chai, picha za pasipoti wanapiga hapo hapo, ukituma meseji usiku asubuhi umejibiwa. Na ushahidi wa ndoa waliupanga mpaka nikafurahi, hilo siwezi kuwanyima haki yao: stetimenti za pesa ninazotuma nyumbani, tiketi za ndege, picha za harusi zenye watu wa pande zote mbili (sio nyinyi wawili tu mmekumbatiana ufukweni), rekodi za simu, cheti cha ndoa kilichosajiliwa. Faili la mume halikurudishwa hata siku moja kuulizwa ushahidi zaidi. Hiyo ni kazi yao na nawashukuru.

Sasa shida. Mimi nilikuwa nishaapa uraia kabla sijaingia pale. Mume wangu yuko Likoni, Mombasa, na binti yetu, ambaye nilimzaa kabla sijaja huku, alikuwa analelewa na nyanyake Kisauni. Wakati huo ana miaka 15. Nikawaambia nataka kuwaleta wote wawili, wakasema hamna neno, wakajaza I-130 (ile fomu ya kumuombea ndugu aje) moja ya mume, jina la binti likaandikwa kule ndani kwenye sehemu ya watoto, nikaambiwa "mtoto atafuata na babake". Nikatulia. Jina lake nimeliona kwenye fomu kwa macho yangu, ningekuwa na wasiwasi wa nini?

Kumbe ile kuandika jina ni kutaja familia tu, haimuombei mtoto kitu. Na hapa ndio nataka watu wasome polepole maana nimekuja kugundua ofisi nyingi za aina hii zinaanguka palepale. Mwenye grini kadi (kibali cha kuishi huku moja kwa moja, bado si raia) akimuombea mke au mume, mtoto wa chini ya miaka 21 ambaye hajaoa wala kuolewa anaweza kupanda kwenye faili la mzazi wake, fomu moja inawabeba wote, ila sasa mnapanga foleni ya namba za viza. Raia ni tofauti. Mume, mke na mtoto wa raia (huyo huyo wa chini ya 21) hawana foleni ya namba, viza zao hazina kikomo kwa mwaka, lakini hakuna kupandana: kila kichwa na I-130 yake, ada yake, namba yake ya kesi. Wateja wengi wa ile ofisi ni watu wa grini kadi, wamezoea fomu moja, basi na mimi nikapimwa kwa kipimo cha jirani.

Na kuna walio hatarini zaidi yangu, wale walioomba familia wakiwa bado na grini kadi halafu wakaapa uraia katikati ya safari. Unasherehekea, unapeperusha kabendera, faili la mke linahamia upande wa raia lenyewe, na mtoto aliyekuwa amepanda juu yake anashuka kimya kimya. Huyo lazima umfungulie I-130 yake mpya. Kama ni wewe, acha kusoma hapa, nenda kaangalie faili lako kwanza.

Mimi nilijua pale faili la mume lilipopita na kuhamia NVC, kile kituo cha viza kule New Hampshire. Nafungua akaunti nilipe ada ya viza, dola 325 kwa kila mtu, naona bili ya mtu mmoja. Nikawapigia ofisi. Wakasema ni mtambo, utajisahihisha. Baadaye wakasema tuwaandikie NVC wamuongeze. Baadaye tena wakasema "tutamfungulia mtoto faili lake, ni dola 700 za kazi yetu". Yani kosa lao, bei yangu! Na muda wote huo binti anakua, amefika 16, anaenda 17.

Mtu atasema si bora bado yuko chini ya 21, umri wake unagandishwa siku fomu inapopokelewa. Ni kweli, viza hawezi kuikosa kwa umri. Lakini kuna mstari mwingine ambao pale ofisini hakuna aliyewahi kuutaja, nao ni miaka 18. Iko sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000, ilianza kazi Februari 2001: mtoto wa kuzaa (au wa kuasiliwa kisheria) wa raia, akiingia Marekani na viza ya uhamiaji kabla hajafika 18, akaishi na huyo mzazi raia ambaye ana haki ya malezi yake, anakuwa raia hapo hapo. Hamna mtihani, hamna kuapa, hamna kungoja. Akiingia siku moja baada ya kutimiza 18, ni grini kadi ya kawaida, na uraia atauomba mwenyewe baadaye kama mtu mwingine yeyote, kwa kawaida baada ya miaka mitano. Kwa hiyo ile "tutaangalia wiki ijayo" waliyokuwa wananipa ilikuwa inakula kitu kikubwa kuliko pesa.

Hapo nikaondoka. Mwenzangu wa kazini, mama wa Kikongo, akanielekeza kwenye shirika la msaada wa kisheria la wahamiaji, nalo silitaji, ila hili ningelipa nyota tano kama chai ingekuwepo. Kupata miadi ni kazi, simu zao zinalia mpaka zinakata zenyewe, na ukumbi wa kungojea hauna hata dirisha. Lakini yule mama aliyenihudumia, kabla hata sijakaa vizuri, swali lake la kwanza: "Binti amezaliwa tarehe ngapi?" La pili: "Wewe uliapa lini?" La tatu: "Babake na wewe mlioana lini?" Tarehe tatu tu, akaziandika kwenye kikaratasi, akanipigia hesabu yote mbele yangu. Yule si wakili, ni mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kufanya kesi za uhamiaji kupitia shirika lisilo la faida, na wapo wengi nchi nzima, watu hawajui tu. Akajaza G-28 inayoonyesha kwamba yeye ndiye mwakilishi wangu, akaweka sahihi yake.

Ikabidi nifungue nakala zangu za kule ofisini niangalie. Fomu zote zina sehemu ya mtu aliyekuandalia, jina na sahihi. Kwangu iko tupu, kana kwamba nilijaza mwenyewe jikoni kwangu. Ukiona mtu amechukua hela yako halafu hataki jina lake lionekane kwenye fomu, jiulize.

I-130 ya binti tuliituma mtandaoni, ada ni dola 625, ya karatasi ni 675. Kuhusu mume, yule mama alinipa ushauri ambao peke yake ulinilipia ile safari: kama hutaki waachane, usikimbilie kumaliza la baba, mwache akae pale NVC umngojee mtoto, mradi usipitishe mwaka mzima bila kuwasiliana nao, maana mwaka ukipita kimya wanaweza kuifuta kesi. Basi nikawa naingia kwenye akaunti, natuma ujumbe, natoka. Mume alilalamika kidogo ("kwani mimi ndio wa kuwekwa friza?") lakini hakutaka kumwacha mtoto na yeye. Na ule ungojaji ukaja na kheri yake, kwa sababu alipoingia ndoa yetu ilikuwa imeshapita miaka miwili, akapata kadi ya miaka kumi moja kwa moja. Ndoa ikiwa chini ya miaka miwili siku ya kuingia unapewa ya masharti, ya miaka miwili, halafu mnaanza tena I-751, fomu ya kuondoa hayo masharti, na picha na stetimenti zilezile.

Udhamini wa kipato, I-864, ndio unaowatia watu baridi ila kwangu haukuwa na shida. Lazima kipato chako kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali, na kwa viwango vya 2025 nyumba ya watu watatu ilikuwa kama dola 33,312 kwa mwaka. Isipofika unaweza kumtafuta mdhamini mwenza, ndugu au rafiki, raia au mwenye grini kadi anayeishi huku, ila mwambie ukweli kwamba anatia sahihi mkataba na serikali, sio barua ya kumjua mtu kwa wema. Sasa ile ofisi walishanitoza dola 300 za kuandaa udhamini wa binti "mapema". Yule mama wa shirika akacheka. Mtoto ambaye atakuwa raia akishatia mguu tu, udhamini huo hautakiwi kwake, kulikuwa na fomu fupi ya msamaha, I-864W, nikajaza ikaisha. Mia tatu zangu zikawa zimeenda kwa karatasi isiyohitajika.

Nairobi sitasema mengi, kule kazi walifanya wao. Cheti cha tabia njema kinaombwa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali ya Kenya, halafu unaenda kupigwa alama za vidole, na kinatakiwa kwa kila aliyefika miaka 16, kwa hiyo na binti alihitaji chake, msisahau. Vipimo vya afya walifanyia IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji. Pale ukiwa na dalili ya kifua kikuu kwenye picha ya kifua wanakutoa makohozi na majibu ya kuotesha vijidudu huchukua kama miezi miwili, basi usinunue tiketi ya ndege kabla ya viza kuwa mkononi. Cheti cha kuzaliwa cha binti kilikuwa cha zamani, cha wakati wake, hakikuleta maswali. Kikiwa kimeandikishwa kwa kuchelewa, haswa pale baba ndiye mwombaji, ubalozi unaweza kupendekeza DNA. Intavyu ya ubalozi wa Marekani, Gigiri, ilikuwa fupi kuliko foleni ya mlangoni. Wakapanda treni kurudi Mombasa kuaga, na kabla ya kusafiri nikawalipia ile ada nyingine ya USCIS, idara ya uhamiaji ya huku, dola 235 kila mmoja.

Binti aliingia akiwa bado 17. Pasipoti ya Marekani tumeomba, imekuja, na ya Kenya hajaipoteza maana katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili.

Kwa hiyo nani aende pale ofisini? Mtu anayemleta mume au mke peke yake, hana mtoto, hajawahi kukataliwa viza, hana kesi ya polisi. Utapanga faili zuri na utakunywa chai. Ukiwa na mtoto, tafadhali, nenda kwa wakili au kwa hao wawakilishi walioidhinishwa hata kama ni kwa kikao kimoja cha kuuliza. Mtoto wa kambo, kwa mfano, anahesabika kama ndoa ilifungwa kabla hajatimiza 18, lakini uraia wa moja kwa moja hapati mpaka umuasili. Na kuna jirani yangu ambaye pale pale walikuwa wanamtayarishia I-130 ya kichanga alichozaa mkewe Mombasa juzi, wakati yeye ni raia wa miaka na ameishi huku zaidi ya mitano. Mtoto aliyezaliwa na baba raia ndani ya ndoa, baba akiwa ameshakaa Marekani miaka mitano kabla ya uzazi, miwili kati ya hiyo baada ya kufika umri wa 14, huyo ni raia toka alipotoka tumboni. Hahitaji viza ya uhamiaji, anahitaji kusajiliwa ubalozini, dola 100, na pasipoti yake. Nilimwambia arudishe ile invoisi haraka.

Nyota mbili: moja ya faili la mume, moja ya yule dada wa mapokezi. Ya tatu nitaongeza siku watakayonirudishia ile mia tatu ya udhamini, ambayo nikiuliza naambiwa bosi yuko Nairobi.