Dawa ya kupuliza puani yenye oksimetazolini na flutikasoni: kwangu imefanya kazi

Jamani kwa wenye mafua ya aleji kama mi, usiku pua zote mbili zimeziba unahema kwa mdomo mpaka koo linakauka, hii sprei imenisaidia kweli. Oksimetazolini inabana mishipa ya damu ndani ya pua, dakika chache tu hewa inapita, flutikasoni ndo steroidi, inatuliza uvimbe taratibu kwa siku kadhaa. Kabla ya kupuliza tikisa kichupa, elekeza upande wa sikio, sio katikati ya pua, mi nilikosea nikaona damu kwenye tishu. Ila msizidishe siku alizowaandikia daktari, mwaka jana duka moja waliniuzia matone ya kuzibua bila maelezo nikatumia wiki mbili, pua ikaziba kuliko mwanzo. Wenye presha muulizeni daktari kwanza.