Uzoefu wangu na Blender: chombo cha angani cha mita 180, omo hadi tezi

Hapa naipima Blender, programu ya kompyuta ya kuunda maumbo ya 3D, kwa kazi moja tu: kuunda chombo cha angani cha kubuni, kikubwa, chenye mambo madogo mengi kiasi kwamba kamera ikisogea hadi mita 5 kutoka ubavuni bado kuna cha kutazama. Nilichounda ni chombo cha mizigo: urefu mita 180 kutoka omo hadi tezi, upana mita 64, kimo mita 41. Nimetumia toleo la 4.2, lililotoka Julai 2024, kwenye kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya NVIDIA yenye kumbukumbu ya GB 6. Naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota iliyopungua imepotelea kwenye kutoboa, nitafika huko. Majina ya vitufe nayaacha kama yalivyo kwenye skrini ili uyapate haraka.

Bei ni bure kabisa. Programu hii ilianzia Uholanzi kwa Ton Roosendaal katika miaka ya 1990, na mwaka 2002 watumiaji walichanga euro 100,000 ili msimbo wake uwekwe wazi chini ya leseni ya GNU GPL. Hakuna toleo la kulipia lililofichiwa vifaa bora, na unachounda ni chako hata ukikiuza.

Anza na vipimo halisi. Acha uniti 1 iwe mita 1, kisha simamisha mtu wa mita 1.8 pembeni ya chombo, hata akiwa boksi jembamba tu, na usimwondoe hadi siku ya mwisho. Yeye ndiye atakayekuambia kama ulichochonga ni mlango wa mita 2.1 au geti la karakana. Kwenye chombo kirefu namna hii utaona nyuso zinapepesa ukiwa mbali, kama mabati mawili yanayogombea nafasi moja. Modeli haijaharibika. Dirisha la kazi huona kuanzia sentimita 1 hadi mita 1,000, na usahihi wa kina unagawanywa katikati ya namba hizo. Mwanzo ukiwa mdogo mno, vitu vya mbali vinakosa usahihi. Bonyeza N, fungua View, weka Clip Start mita 0.1 na End mita 3,000. Kupepesa kutakoma.

Siku mbili za mwanzo ni maboksi matupu. Nilitumia vipande 38 na sikuweka hata tundu moja. Kagua umbo kwa kulifanya jeusi: kwenye mwonekano wa Solid chagua Lighting iwe Flat, Color iwe ya rangi moja tu, nyeusi, halafu rudi nyuma mpaka chombo kiwe kidogo kama ukucha. Kama omo na tezi havitofautiani hapo, rekebisha sasa hivi, kwa sababu baada ya wiki tatu hutakuwa na moyo wa kufanya hivyo.

Unda nusu tu, upande wa pili uachie Mirror, inayounakili kama kioo, huku Clipping ikiwa imewashwa ili ncha za katikati zisivukane. Mpangilio wa modifaya (amri zinazobadilisha umbo bila kufuta la mwanzo) una maana kubwa: Boolean (inayotoboa), kisha Mirror, kisha Bevel (inayoviringisha kingo), mwisho Weighted Normal (inayosawazisha mwanga juu ya nyuso). Ukiweka Bevel kabla ya Mirror, ukingo wa katikati ya mgongo wa chombo utabaki bila randa. Na kabla ya yote bonyeza Ctrl+A uchague Scale. Boksi ulilolivuta mara 6 kwa urefu bila hatua hiyo litapigwa randa vibaya: upande mmoja utaliwa sana, mwingine kidogo.

Hiyo randa, yaani Bevel, ndiyo inayofanya chuma kionekane chuma. Hakuna ukingo wa kitu halisi uliochongoka kama wembe; kila ukingo una mviringo kidogo unaodaka mwanga na kutoa ule mstari mweupe mwembamba. Weka Limit Method iwe Angle, digrii 30, na Segments 2. Upana ndio unaotaka hesabu. Chombo cha mita 180 kikijaza picha ya pikseli 1,920, kila pikseli inabeba sentimita 9.4. Randa ya sentimita 2 hapo haionekani kabisa. Umeongeza poligoni laki kadhaa bure. Kwa hiyo kingo kubwa za bodi ya chombo nilizipa sentimita 10 hadi 15, na sentimita 2 nilizihifadhia sehemu tatu tu ambazo kamera inazikaribia: lango la kupakia, chumba cha rubani, na kiungio cha injini.

Sasa kutoboa. Boolean ina njia mbili katika toleo hili, Fast na Exact. Fast hushindwa pale uso wa kikatio (umbo linalotoboa) unapolala sawasawa juu ya uso wa bodi, na matokeo yake ni tundu lisilotoboka au uso mzima kutoweka. Exact huvumilia zaidi ila hupunguza mwendo, na ukiwa na vikatio 20 kwenye kipande kimoja kila unachosogeza kinasubiriwa. Dawa ya kwanza ni kusogeza kikatio milimita 1 ili nyuso zisilaliane. Ya pili ni kutotoboa kitu kilichopinda chenye pande chache. Silinda ya injini yenye pande 32 ikitobolewa, mwanga hukunjamana kuzunguka tundu kama karatasi iliyolowa, kwa sababu nyuso ndefu zenye pembe nyingi zinavuta kivuli vibaya. Ianze ikiwa na pande 96 na mikunjo hiyo hupungua sana. Kwenye bati bapa tatizo hili halipo, toboa utakavyo.

Ukiona doa jeusi lisiloeleweka, washa Face Orientation: bluu ni nje, nyekundu ni ndani. Kilicho chekundu nje kichague, bonyeza Shift+N. Jambo lililoniondolea nyota ni kwamba ukishabonyeza Apply, yaani kuifanya modifaya iwe ya kudumu, huwezi kurudi kubadilisha kipenyo cha tundu, tofauti na programu za usanifu wa kihandisi zinazotunza historia ya kila hatua. Hifadhi vikatio vyote kwenye mkusanyo wake na usiharakishe Apply.

Sehemu ambayo Blender imenikosha ni vikorokoro: mabomba, vali, matundu ya hewa, masanduku, antena, ngazi. Niliunda 46, kila kimoja kikiwa na wastani wa pembetatu 800, na kila kimoja kitako chake kikitazama chini ya mhimili wa Z. Kitako kizamishe sentimita 2 chini ya asili yake (Origin, nukta ambayo kitu hupachikwa nayo). Kikikaa sawa na bodi, nyuso mbili zitalaliana na kutoa madoa. Kisha Geometry Nodes, mfumo wa kutawanya vitu kwa kuunganisha visanduku vya amri: Distribute Points on Faces kwa njia ya Poisson Disk, Distance Min mita 0.7, halafu Instance on Points yenye Collection Info, huku Separate Children, Reset Children na Pick Instance zikiwa zimewekwa tiki. Mzunguko usiuache huru. Mashine hupangwa kwa pembe mraba, basi tengeneza Random Value ya namba kamili kutoka 0 hadi 3, zidisha kwa 1.5708, ipeleke kwenye Z ya Rotate Instances. Tofauti inaonekana papo hapo: mara ya kwanza vilionekana kama takataka zilizomwagwa, baada ya hapo vikaonekana vimefungwa na fundi.

Nilipata nakala 14,000. Kama kila moja ingehifadhiwa kivyake, hizo ni pembetatu milioni 11.2. Kwa kuwa ni nakala rejea, kumbukumbu inabeba umbo la zile 36,800 za mwanzo pamoja na orodha ya mahali pa kuziweka. Usiguse Realize Instances, inayogeuza kila nakala kuwa umbo kamili, bila sababu. Amri hiyo moja inatosha kuifanya kompyuta ya GB 16 igande. Kwa vitu unavyopanga kwa mkono tumia Alt+D, inayotoa nakala rejea, usitumie Shift+D, kwa sababu hiyo hiyo.

Kosa kubwa la wengi ni kutawanya kila mahali. Chombo kinaota upele, jicho halina pa kupumzika, na ukubwa wote unapotea. Mimi niliacha takribani asilimia 70 ya bodi ikiwa bati tupu lenye mistari ya viungio, vikorokoro nikavibana kwenye mifereji ya ubavuni, kuzunguka injini na chini ya tumbo la chombo. Gawanya bati kwa ukubwa usio sawa, kisha bonyeza I mara mbili ili kila uso uingie kivyake, sentimita 3, halafu E kuusukuma ndani sentimita 5. Kama unanunua vikorokoro vya watu mtandaoni, fungua kimoja kwanza. Seti niliyoilipia kwa muuzaji mmoja ilikuwa na vali yenye pembetatu 40,000, nusu yake zikiwa ndani ambako hakuna jicho litakalofika, na vipimo havikulingana kati ya kipande na kipande.

Madirisha yanastahili subira. Sitaha moja ni mita 3, kwa hiyo kimo cha mita 41 kinabeba sitaha 13, na kila safu ya madirisha lazima ilale kwenye mojawapo. Safu ikipanda nusu sitaha bila sababu, mtazamaji hawezi kutaja kosa lakini haamini. Washa theluthi moja tu: Object Info, chukua Random, pitisha kwenye Greater Than ya 0.67, peleka kwenye nguvu ya Emission (mwanga unaotoka dirishani).

Rangi nilitumia sita tu. Nyeupe isizidi 0.6 kwenye kipimo cha 0 hadi 1, na ung'avu utofautiane bati kwa bati. Angalia kumbukumbu ya kadi: picha moja ya rangi ya pikseli 4,096 kwa 4,096 hula MB 64, na 30 za namna hiyo zinakaribia GB 2. Sehemu za mbali zipe 1,024, ambayo ni MB 4.

Mwanga ni jua moja, pembe digrii 0.53 kama jua lionekanavyo kutoka duniani, na anga jeusi lenye mwanga hafifu wa 0.02 ili upande wa kivuli usizame kabisa. Vivuli vikali ndivyo vinavyotangaza ukubwa. Cycles, injini ya Blender ya kutoa picha ya mwisho, ilinitolea picha ya 3,840 kwa 2,160 kwa dakika 14, Noise Threshold (kiwango cha chembe kinachovumiliwa) 0.02, sampuli za mwanga kwa kila pikseli zisizozidi 400. Nilipojaribu sampuli 64 nikitegemea kisafisha chembe (Denoise), antena zote zilipakwa kama siagi na madirisha yakaungana. Kisafishaji kipe Albedo (rangi za nyuso) na Normal (mielekeo yake), Prefilter iwe Accurate.

Kwa wenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS: Blender hujihifadhi kila dakika 2, lakini nenda kwenye Preferences, Save & Load, uongeze Save Versions kutoka 1 hadi 10. Na unapohifadhi kwa jina jipya, bonyeza alama ya kujumlisha kwenye kibodi. Namba ya faili inapanda yenyewe. Mimi nilifika faili la 83.