Vigari vya Maabara vya Kufundishia Migongano

Seti hii ya vigari viwili na reli ya aluminiamu, niliyoinunua kwa ajili ya kidato cha tano, inafaa sana kufundishia migongano ambayo vitu hunatana. Kigari cha gramu 500 kilichokwenda mita 0.60 kwa sekunde kiligonga kingine chenye uzito uleule kilichotulia, velkro (utepe wa kunasa uliobandikwa kwenye vigari) ikavishika, na vyote vikaondoka pamoja kwa mita 0.29 kwa sekunde, karibu kabisa na 0.30 inayotakiwa na kanuni ya momenta (yaani jumla ya tungamo mara kasi haibadiliki katika mgongano). Nishati mwendo, hata hivyo, ilishuka kutoka jouli 0.09 hadi 0.042, kwa kuwa sehemu kubwa iligeuka joto na sauti (mlio ambao wanafunzi waliufurahia mno). Kasoro ni gundi ya velkro, iliyobanduka wiki ya pili tu.