Duka la steshenari Chikongola: kwa sisi tunaochora vibonzo

Karatasi ya kuchorea kwa wino ni shida Mtwara. Rimu ya A4 ya gramu 80 ipo kila duka, lakini kalamu ya kuchovya ikiigusa, wino unasambaa, hasa kipindi cha mvua unyevu wa bahari ukishaingia ndani. Kwa hiyo nalisifia wazi hili duka la Chikongola lenye mlango wa buluu na mashine ya kukatia karatasi barazani.

Mama mwenye duka anachapa kadi za harusi na fomu za vyama vya korosho. Vipande vya karatasi nzito vinavyobaki havitupi, anavifunga na kuviuza shilingi 1,000 fungu. Vingi vina upana wa kiganja, vinatosha safu moja ya picha tatu. Nachora safu moja moja, kisha nazibandika zote kwenye manila. Mstari unatoka mkali, na raba haichubui.

Siku moja akiwa anakata nikamsimulia habari za Joe Shuster, mchoraji wa shujaa wa vibonzo Superman, ambaye nampenda kwa kuwa nami ni mhamiaji: nilivushwa mto Ruvuma nikiwa mdogo, kutoka upande wa Palma, Msumbiji. Shuster alizaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1914, baba yake fundi cherehani. Akiwa na miaka kama kumi familia ikahamia Cleveland, Marekani. Pesa ya karatasi hawakuwa nayo, akawa anachora hata kwenye karatasi za kufungia nyama. Akiwa sekondari ya Glenville akakutana na Jerry Siegel. Siegel akaandika, yeye akachora. Superman wao alikataliwa miaka kadhaa, hadi 1938 alipotoka kwenye jarida la vibonzo Action Comics namba 1. Kurasa 13, dola 10 kila ukurasa. Kwa dola hizo 130, za kugawana wawili, haki zote za Superman zikawa za mchapishaji.

Mama akaacha kukata. "Mwanangu, usitie saini kitu kabla hujanisomea." Tangu hapo kila kazi ninayotolea kopi kwake anabakiza nakala moja, anaiandika tarehe na kuiweka kwenye faili lenye jina langu. Hanitozi. Huduma hiyo kwangu ni kubwa kuliko hata bei ya vipande, maana mchoraji anayeanza, kazi zake huwa zimezagaa kwenye simu za watu.

Kwenye skana siwezi kumsifia. Mistari myembamba inapotea na kivuli cha penseli kinageuka doa jeusi, kwa hiyo kazi ya kutuma gazetini iskanieni kwingine. Na msimu wa korosho ukianza, Oktoba, foleni ya fomu inafika barabarani. Nendeni asubuhi mapema.

Mkifika, ombeni vipande vya kadi za harusi. Vya kalenda vinang'aa, wino unateleza juu yake na haukauki.