Laini za matone kwenye mchanga wa Kigamboni: uzoefu wangu wa kiangazi

Nianze na jibu. Seti ya umwagiliaji wa matone niliyonunua Kariakoo imeniokolea mboga na maua wakati wa kaskazi, na ningeinunua tena. Lakini kwa ukoka haifai, na kwenye udongo wa mchanga kama wetu haifai kufungwa vilevile inavyotoka kwenye boksi. Nitayaeleza yote mawili kwa kirefu, kwa sababu kabla ya kununua nilimtafuta sana mtu wa Pwani aliyekwishaitumia, nikawa napata habari za mashamba ya nyanya ya bara tu. Udongo wa huko si huu wetu, na joto lao si hili.

Eneo langu si kubwa. Mbele ya nyumba kuna ukoka wa kama mita za mraba 40. Nyuma kuna matuta ya mchicha, bamia, nyanya chungu na pilipili. Ukutani nina asmini na bogenvilia, na karibu na mlango wa jikoni nimepanda mrehani na mchaichai. Udongo ni mchanga, ukimwaga ndoo ya maji yanazama hapohapo bila kutiririka. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana hufika nyuzi 32, 33, halafu upepo wa kaskazi unamalizia unyevu ambao jua limeubakiza. Mwaka 2022 vuli ilipochelewa na Mto Ruvu ukapungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao wa maji. Tangu hapo kwetu maji ya bustani yanahesabiwa kwa lita. Boza likija linajaza simtanki, na huwezi kuyamwagia maua maji hayo kwa mpira huku ndani kuna watu wanasubiri kuoga.

Mpira wa maji wa kawaida, koki ikiwa na nguvu, hutoa lita 15 hivi kwa dakika. Nusu saa ya kumwagilia ni lita 450, na sehemu kubwa inaishia njiani, kati ya mimea, kwenye magugu. Hapo ndipo nilipoamua kujaribu matone.

Ndani ya boksi kuna bomba kuu la kuunganisha na tanki, chujio, koki, viunganishi, vizibo, na laini nyeusi za milimita 16 zenye matundu kila baada ya sentimita 30. Tanki linauzwa kando. Bila tanki sikufikisha laki mbili. Kufunga hakuhitaji fundi. Muuzaji aliniambia, "Mama, hii unafunga mwenyewe na watoto wako," na hilo lilikuwa kweli: unatoboa bomba kuu, unapachika kiunganishi, unavuta laini hadi mwisho wa tuta, unaziba. Laini zikiwa zimekaa juani kidogo zinalainika na kuingia kwa urahisi.

Sasa presha, jambo ambalo muuzaji hakuligusa kabisa. Kwenye boksi imeandikwa kila tundu linatoa lita 1.6 kwa saa. Kipimo hicho ni cha presha ya maji yanayoshuka kutoka urefu wa mita 10. Nyumbani nani ana mnara wa mita 10? Pipa langu la bustani liko juu ya matofali, kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Nilitega chombo chini ya tundu kwa saa nzima, nikapata lita 0.6 kasoro kidogo. Hesabu inakubali, kwa sababu urefu ukipungua maji nayo yanapungua, ingawa si kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo mwongozo wa boksi ukikwambia ufungulie nusu saa, kwa pipa la chini nusu saa ni kama kulowesha midomo tu. Mimi nafungulia saa moja na nusu alfajiri. Laini zangu zina matundu kama 200, maana yake ni lita 180 kwa matuta yote na maua. Ukilinganisha na lita 450 za mpira, kila siku ninayomwagilia ninabakiza zaidi ya nusu, na mimea inakunywa vizuri kuliko ilivyokuwa.

Tega kikombe chini ya tundu la kwanza na la mwisho kwenye laini moja. Yakitofautiana sana, ama laini ni ndefu mno kwa urefu wa tanki lako, ama ardhi imeinama, ama kuna uchafu. Kwa pipa la chini, laini isiyozidi mita 10 au 12 inatulia.

Tukija kwenye mchanga. Kwenye udongo wa mfinyanzi tone likianguka linasambaa pembeni, linatengeneza duara pana la unyevu. Kwenye mchanga tone linashuka moja kwa moja chini. Nilifukua kando ya tundu baada ya kumwagilia, nikakuta unyevu umekwenda kina cha mkono lakini upana wake haukufika hata shibiri. Katikati ya tundu na tundu, sentimita 30, palikuwa pakavu kabisa. Bamia, pilipili na nyanya chungu hazina tatizo, maana unapanda kila mche karibu na tundu lake na mizizi inafuata maji chini. Mchicha wa kumwaga mbegu tuta zima hauwezi. Utaota kwa mistari ya madoa, penye tundu kijani, pasipo tundu patupu. Mchicha wangu sasa nausia kitaluni kwa kopo lenye matundu, naupandikiza ukiwa na majani manne, na hapo matone yanautosha. Anayenunua kwa ajili ya mchanga aulize laini za sentimita 20. Zipo, ila duka nililonunua lilikuwa na za 30 peke yake, na muuzaji alisema zote ni sawa. Si sawa hata kidogo.

Mchanga unataka pia samadi iliyoiva. Bila hiyo maji yanapita tu. Kabla ya Desemba nachanganya samadi ya ng'ombe debe moja kwa kila mita ya tuta, halafu juu natandaza makumbi ya nazi. Matandazo haya ndiyo nusu ya kazi yote, na sioni sababu ya kununua laini za matone kama hutatandaza. Laini nyeusi iliyoachwa wazi saa saba mchana ina maji ya moto ndani yake, ukifungulia yanatoka ya kuogea. Ikifunikwa na makumbi inabaki ya uvuguvugu, jua haliili plastiki haraka, na kunguru wa hapa hawaioni wakaidonoa. Nimechagua makumbi badala ya nyasi kavu kwa sababu ya mchwa. Wakati wa kiangazi nyasi kavu ni mwaliko, na wakishamaliza nyasi wanahamia kwenye mashina. Makumbi hukaa muda mrefu zaidi kabla hayajaliwa. Hata hivyo usiyaegemeze kwenye shina, acha nafasi ya vidole vinne.

Maji ya kisima chetu, ambayo nayo huingia kwenye bustani, yana chumvi. Si kali ya kushindwa kuosha vyombo, lakini sabuni haitoi povu vizuri. Watu wengi huamini kwamba kumwagilia mchana kunaunguza majani kwa sababu tone linageuka kioo cha kukusanya jua. Kwa maji ya kisima cha Pwani kinachounguza ni chumvi: maji yanakauka juu ya jani, chumvi inabaki, ukingo wa jani unakuwa wa kahawia. Hapa ndipo matone yanaposhinda mpira waziwazi, kwa kuwa hayagusi jani. Mrehani wangu uliokuwa na majani yenye kingo kavu kila Januari ulipendeza mpaka Machi, na asmini ilitoa maua ya kutosha hata ya kugawia jirani. Yeye ni mtu mzima, nikimpelekea lazima nianze na shikamoo halafu nikae nisikilize habari za bustani yake ya zamani, wakati maua ya vilua yalikuwa hayanunuliwi.

Lakini chumvi haipotei. Inasukumwa hadi ukingoni mwa ile sehemu yenye unyevu na kukaa pale, unaiona nyeupe juu ya udongo uliokauka. Mvua ya kwanza ikinyesha kidogo tu, inaiyeyusha na kuirudisha kwenye mizizi kwa mkupuo. Mimea iliyovumilia kiangazi kizima inaweza kunyauka siku ya mvua, na mwenyewe ukashangaa. Dawa yake ni kufungulia matone wakati mvua hiyo ndogo inanyesha, ili maji yaendelee kuisukuma chumvi nje. Anayepita barabarani atakuona mtu wa ajabu unamwagilia mvuani. Fanya tu. Mvua kubwa zikishaingia, zinaiosha zenyewe hadi chini.

Chumvi na mchanga mwembamba huziba matundu pia. Chujio la kwenye seti ni zuri, linafunguka kwa mkono na kuoshwa. Mimi nalifungua kila wiki, kisha natoa vizibo vya mwisho wa laini na kuacha maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe safi. Chujio likiachwa mwezi mzima, mimea ya mwisho wa tuta ndiyo inayotoa taarifa, na kwa jua la Februari taarifa hiyo huwa imechelewa.

Kuna upungufu mwingine ambao sikuuona umeandikwa popote, nao unanigusa kwa sababu ya bamia. Mpira wa maji ulikuwa unaosha vumbi kwenye majani. Matone hayaoshi. Utitiri mwekundu hupenda joto, ukavu na vumbi, hujificha upande wa chini wa jani na kuacha vidoadoa vya njano na utando mwembamba. Kwa hiyo mara moja kwa wiki, asubuhi mapema, napita na maji matamu kwenye bomba la kupulizia na kuosha majani kuanzia chini kwenda juu. Wakizidi naongeza maji ya majani ya mwarobaini na sabuni kidogo. Kazi hii haichoshi, ila ukiiacha utasema matone yameleta wadudu.

Na ukoka? Laini hizi zikiwekwa juu ya ukoka zinaacha mistari ya kijani na mistari ya njano, na siku ya kukata majani fyekeo linazikata. Za kufukiwa chini zipo, lakini ni kitu kingine na bei nyingine. Faida niliyoipata kwenye ukoka ilitokana na yale maji yaliyobaki. Nyasi wakati wa joto huhitaji kama milimita 25 kwa wiki, na milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa mita zangu 40 ni lita 1,000, uniti moja kamili. Akiba ya matuta sasa inakwenda huko, kwa springla ya kawaida ya kuzunguka. Kwenye mchanga naigawa mara tatu kwa wiki, kwa sababu ukiyamwaga yote siku moja nusu inazama mahali ambapo mizizi haifiki. Namwagilia alfajiri. Usiku sipendi, joto la Pwani na majani yaliyolala na maji huleta ukungu.

Kujua kama ukoka una kiu sihitaji kifaa. Napita juu yake jioni, nikitazama nyuma na nyayo zangu bado zimebonyea, na rangi imeanza kuwa kama ya kijivu, kesho ni siku ya maji. Nyayo zikiinuka, naacha. Kingine ni kutoukata mfupi. Vijana wanaopita na mafyekeo hupenda kuukata mpaka udongo uonekane ili kazi ionekane na muda upite kabla hawajarudi. Kwa jua la Januari hiyo ni kuuua. Naacha sentimita 4 au 5, na sikati zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja. Mbolea ya urea naiacha mpaka mvua zirudi. Ndugu yangu ana nyasi za paspalamu karibu na bahari, na zile zinastahimili maji ya chumvi kuliko ukoka. Anayeanza bustani mpya ufukweni namshauri azifikirie.

Kwa nani basi ninaipendekeza seti hii? Mwenye matuta ya mboga za kupandikiza, maua ya ukutani, miche michanga ya papai na ndimu, na tanki analoweza kuliinua angalau mita moja. Mwenye nyasi peke yake anunue springla na aongeze samadi. Mpangaji asiogope, kwa sababu yote inafunguka na kubebeka. Na ukifika dukani, omba kuona tundu kwa jicho, pima umbali kwa rula, ulizia chujio la akiba na vizibo vya ziada. Vizibo ndivyo vinavyopotea kwanza, na kuvuka na pantoni kurudi Kariakoo kwa ajili ya kizibo kimoja inaudhi.

Masika yakikaa sawasawa, kawaida Aprili, nazikunja laini zote, nazisuuza kwa maji matamu na kuzitundika stoo mbali na jua. Bomba kuu linabaki ardhini. Msimu ujao tuta la mchicha litapata laini mbili zenye matundu kila sentimita 20, na hizi za 30 zitahamia kwa mipapai.