TNF-alfa ya binadamu kwa utafiti: uzoefu wangu katika maabara ya Mombasa

Kama unafanya kazi na seli za mishipa ya damu na unatafuta TNF-alfa ya binadamu (protini ambayo chembe za kinga hutoa ili kuchochea uvimbe), haya ndiyo niliyoyaona. Tuliyonunua hutengenezwa ndani ya bakteria E. coli, huja kwenye kichupa cha mikrogramu 50, na haikuchanganywa na albumini, protini nyingine ya kuilinda. Ni ya utafiti wa maabara tu. Si dawa, wala haifai kuingia mwilini mwa mtu.

Kwetu Pwani protini hii ina uzito wake. Kwenye malaria kali ya Plasmodium falciparum, chembe nyekundu zenye vimelea hung'ang'ania kuta za mishipa midogo, na mojawapo ya vishikio vyake ni ICAM-1. TNF ndiyo huzifanya seli za ukuta huo zitoe ICAM-1 kwa wingi, kwa hiyo bila TNF ya kuaminika huwezi kuliiga hilo vizuri kwenye sahani ya maabara.

Mzigo ulitua wakati wa kaskazi, lile joto la kukulazimisha ubadilishe shati mchana, na barafu ya jeli ilikuwa imeshayeyuka. Hilo halikunitia wasiwasi sana kwa sababu protini ikiwa unga mkavu huvumilia safari. Joto huwa hatari ikishayeyushwa. Kilichoniudhi ni wakala. Karatasi za forodha alizituma mzigo ukiwa tayari umefika, na cheti cha bechi nilikipata baada ya kukiomba tena na tena. Usikubali kulipa kabla ya kukiona cheti hicho.

Kichupa chenyewe ukikitazama utadhani ni kitupu. Protini imejibandika kwenye kioo kama ukungu wa pumzi, na nyingine hupanda hadi kifunikoni. Kizungushe kwanza kwenye sentrifuji, ndipo ukifungue. Niliyeyusha kwa nusu mililita ya maji ya chumvi yenye bafa na albumini asilimia 0.1, nikapata mikrogramu 100 kwa mililita. Iliyeyuka yote bila kuacha vipande. Albumini hiyo usiiache, maana protini ikiwa chache hivi hugandamana na plastiki, ukabaki na maji matupu.

Swali lililonikera tangu mwanzo lilikuwa endotoksini, ile sumu ya ganda la bakteria. Protini imetoka kwa E. coli, na seli za mishipa huitikia endotoksini kwa kutoa ICAM-1 ileile. Unaweza kushangilia matokeo ya TNF kumbe unapima uchafu. Cheti kilisema ni chini ya yuniti 0.1 kwa mikrogramu, nami nikataka kujionea. Nilichukua sehemu ya protini nikaichemsha. TNF huharibika kwa kuchemshwa, endotoksini haiharibiki. Seli zilizopewa TNF nzima, nanogramu 10 kwa mililita usiku kucha, ziling'aa kwa ICAM-1 chini ya hadubini, mpaka kwenye kingo zinapogusana. Zilizopewa iliyochemshwa zilibaki na giza sawa na zile ambazo hazikupewa chochote. Hapo ndipo nilipoiamini bidhaa hii. Jaribio hilo halina gharama, na ningependa kila maabara ilifanye kwa kila bechi mpya.

Kuhusu kuhifadhi: igawe kwenye vijichupa vidogo siku hiyohiyo uliyoiyeyusha, kisha uweke kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kijichupa kikishayeyuka usikigandishe tena. Stima ikipotea, friza isifunguliwe mpaka jenereta iwake.

Bei inauma ukiiangalia kwa mikrogramu, lakini piga hesabu: kwa nanogramu 10 kwa mililita, kichupa kimoja kinatosha lita 5 za maji ya kukuzia seli. Kwa maabara ndogo kama yetu hizo ni kazi za muda mrefu, kwa hiyo sioni haja ya kununua kichupa kikubwa ili upunguziwe bei. Mimi nitaagiza tena kipimo hikihiki, kwa wakala mwingine, na nitaomba bechi ileile kama bado ipo ghalani ili matokeo ya mwaka huu yalinganishwe na yajayo.