Muvi ninazotazama na mama asiyeona: zipi zinasikika?

Mama yangu hakupofuka siku moja. Presha ya macho ilimla kidogo kidogo, ikianzia pembeni, na mwaka juzi akaacha hata kugeuza uso upande wa televisheni. Lakini kila baada ya magharibi bado anataka muvi. Anakaa mkekani, sinia la mchele mapajani, anachambua kwa vidole huku masikio yako kwenye spika. Kwa hiyo maoni yangu haya ni ya mtu anayetazama kwa niaba ya wawili. Swali langu la kwanza, kabla ya mwigizaji na kabla ya picha, ni kama inasikika.

Aliyetuzoesha ni Doudou. Mwaka 2011, mama akiwa bado anaona, TBC walirusha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, ile ya Doudou na mama wakwe zake. Wazazi wa mumewe wameachana, baba kaoa tena, basi binti wa watu anajikuta na mama wakwe wawili wa kuwaridhisha. Nyumbani tulikuwa hatupiki mpaka iishe. Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 akaitaja tamthilia hiyo kwenye hotuba yake, mama alifurahi kama aliyesikia jirani yake anatajwa redioni.

Mimi Kiswahili chake nilikiona kimenyooka mno, hasa kwenye ugomvi. Mtu mwenye hasira hapangi maneno yake kama msoma taarifa ya habari. Lakini leo, nikiikumbuka kwa masikio ya mama, naona ilivyokuwa imekaa vizuri. Kila mhusika ana sauti yake. Mlango ukifunguliwa, anayeingia anasalimia, anaitwa jina, anaulizwa katoka wapi. Hakuna anayesimama kimya akitegemea uso wake useme. Tamthilia za kifamilia nyingi zina sifa hiyo, ndiyo maana wazee wanaweza kuzifuata huku wamewapa mgongo.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, ndiyo niliyokuwa na hamu nayo kuliko zote. Riwaya ya Adam Shafi niliisoma kidato cha sita, na filamu yenyewe ndiyo Tanzania iliyoipeleka kuwania Oscar. Ni Unguja ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume asiyemtaka, anakimbia, na njia yake inakutana na ya Denge, kijana wa harakati za kumng'oa Mwingereza. Nilipomtajia mama jina nikasema "Vuta nikuvute." Akanikatiza. "N'kuvute, mwanangu. Usiitie i." Yeye mzaliwa wa Pangani, na lafudhi ya visiwani kwake ni kama harufu ya jikoni kwao.

Dakika za mwanzo alikuwa mtu mwingine kabisa. Akisikia sauti inazungumza anasema huyu mtu wa Unguja, huyu kajifunza. Siti Amina, ambaye ni mwanamuziki kweli na humo anacheza Mwajuma, alipoanza kuimba, mama aliacha kuchambua. Kiganja kikatulia juu ya mchele. Taarabu ile haikuwekwa kama pambo. Inakaa ndani ya hadithi, wanawake wanaisemea mambo yao, na mama alikuwa anaitikia kwa kichwa kama yuko ukumbini.

Kisha ukaja ukimya. Shivji anapenda kuiacha kamera itazame: vichochoro vya Mji Mkongwe, kuta zilizobanduka, nyuso mbili zinazoogopa kusema. Kwa mwenye macho hayo ni mapishi ya mtu anayejua kazi yake, na mimi nasema bila kusita kwamba sijaona filamu ya Kitanzania iliyopigwa picha vizuri kuliko ile. Ila mama alibaki nje. "Wanafanya nini?" Wanatazamana. "Mpaka sasa?" Mpaka sasa. Nilijaribu kumsimulia nikachelewa, nikamsemea juu ya mazungumzo yaliyofuata, tukapoteza vyote viwili. Nikairudia peke yangu usiku ule. Dosari yangu moja nayo ni kwamba mapenzi ya Yasmin na Denge yanakwenda haraka kuliko kitabuni, ambako Shafi anakupa nafasi ya kuwazoea. Lakini itafuteni, na kama mna mzee wa pwani nyumbani, mkalisheni karibu.

Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya 2012, ni habari nyingine. Mwas anauza muvi kijijini kwa kuziigiza mbele ya wateja, anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa siku ile ile aliyofika, na muda si mrefu yuko selo anasafishishwa choo. Joseph Wairimu amecheza kwa moyo wote. Mimi naipenda sana, hasa pale unapogundua kwamba kijana huyu anaigiza kwenye jukwaa na mtaani pia, na mtaani akikosea hakuna kurudia. Ila Sheng na Kikuyu vilimshinda mama, na maandishi ya chini hayamsaidii mtu asiyeona. Tukaizima katikati. Nyota zote kwangu, kwa mama hakuna.

Hapo ndipo nilipowakumbuka watafsiri wa vibanda umiza, vile vyumba vya mtaani vya kuonyeshea video. Tuliosoma tuliwadharau. Tulisema wanaharibu kazi za watu, wanaongeza chumvi, mtu mmoja anasema sauti za wote. Niliomba kwa kijana wa mtaani muvi moja ya kivita ya Hong Kong iliyotafsiriwa, nikaiweka kwa majaribio. Mama hakuniuliza swali hata moja. Mtafsiri anapunguza sauti ya asili na kukwambia: huyu ndiye mwanafunzi wa yule mzee aliyeuawa, sasa anapanda ukuta, mwone anavyochungulia, na wa chini hajamwona. Lufufu na wenzake wa enzi za kanda za VHS walikuwa wanafanya hivyo wakimlenga mtu asiyejua Kiingereza wala Kichina, na kumbe wamemfikia na asiyeona. Natamani filamu zetu zenyewe, hiyo Vuta N'kuvute kwanza, zipate sauti ya namna hiyo, ya mtu anayejua kuingia kwenye ukimya na kutoka kabla mhusika hajafungua mdomo. Ni kazi ngumu. Nimeijaribu, najua.

Nimeijaribu zaidi kwenye Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018. Ni fupi, saa moja na robo hivi. Jo ni mtoto mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayependa muvi za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake, ambaye ni mkunga, anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini, na kijiji kizima kinakula njama ya kumfanya aamini kwamba nguvu hizo anazo. Kuna pale uwanjani watoto wanacheza mpira, Jo anasimamisha muda, na wote wanaganda walivyo, mguu hewani. Nilimweleza mama kwa haraka, akacheka mpaka akapangusa macho kwa kanga. Kadiri inavyoelekea mwisho nikawa najitahidi zaidi: nikamwambia kwamba mama mtu analemewa, dada mtu anajikaza, mtoto ana furaha.

Mama akanigusa goti. "Hayo nayasikia kwenye sauti zao. Wewe niambie mtoto kavaa nini."

Nikamwambia joho.

"La rangi gani?"